Pima Sufuria Kabla Hujakata Kaunta

Kwa vizazi vingi moto wa kupikia katika nyumba za Kanda ya Ziwa ulikaa chini. Ulikaa kati ya mafiga matatu, baadaye ukahamia kwenye jiko la mkaa lililowekwa sakafuni, barazani au nyuma ya nyumba, na cheche iliyoruka iliangukia udongo, saruji au jiwe. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuliza kama sakafu itaungua. Gesi imeubadilisha mpangilio huo kimyakimya. Moto umepanda kutoka usawa wa kifundo cha mguu hadi usawa wa kiuno, na huko ulikopanda umezungukwa na makabati, droo, gundi, rangi na plastiki. Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo. Ni lengo jema, na mapafu ya mama zetu yamelisubiri muda mrefu. Ila mazungumzo mengi yanaishia kwenye bei ya mtungi na upatikanaji wa gesi, na kile ambacho jiko la gesi litakalia, yaani kaunta, kinatajwa kidogo mno kulingana na mzigo wa joto kinachobebeshwa.

Kata ya Igogo, jijini Mwanza, ni mahali pazuri pa kulitazamia jambo hili. Sehemu ya kata imelala bondeni, karibu na ziwa, na sehemu nyingine imepanda mlimani kati ya mawe, ambako nyumba imeegemea jabali na njia ya kufika mlangoni ni ngazi au uchochoro. Kila anayejenga au kukarabati sasa anafikiria jiko la ndani. Mwenye nyumba ya kupangisha anayetaka mpangaji wa kudumu huagiza makabati, na juu yake huagiza jiko la kuzamisha: lile la kioo cheusi au la stenlesi, lenye vichomeo viwili hadi vinne, ambalo mwili wake unashuka ndani ya tundu lililokatwa kwenye kaunta na uso tu ndio unaobaki juu. Linapendeza, na kulifuta ni kazi ya dakika moja. Tatizo liko kwenye namna tundu lile linavyokatwa. Fundi hufungua boksi, hulaza jiko juu ya kaunta, huchora mstari kwa penseli, kisha huwasha grainda. Kipimo chote kinatoka kwa jiko. Hoja yangu ni kwamba kipimo hicho kianze na sufuria, kwa sababu mara nyingi kinachoharibu kaunta ni joto linalotoka chini ya sufuria pana na kukosa pa kwenda.

Tuanze na joto lenyewe. Kichomeo kikubwa cha jiko la nyumbani hutoa takriban kilowati 3 kikifunguliwa chote. Karibu nusu tu ya hizo ndiyo inayoingia kwenye chakula. Iliyobaki huteleza chini ya kitako cha sufuria, hutokea pembeni, hupiga ukuta na kutandaa juu ya uso wa jiko. Hizo ni wati 1,500 hivi, wakati pasi nyingi za umeme ni za wati 1,000 au zaidi kidogo. Kwa hiyo kila unapokaanga ni kama umeacha pasi ikiwaka pembeni ya kabati. Chakula nacho kina neno lake. Mwanza iko takriban mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo sufuria ya uji au ya wali ina kizuizi: maji yakiwamo, haiwezi kupanda sana kupita hapo. Mafuta hayana kizuizi hicho. Karai la kukaangia sato hufika nyuzi 180, mara nyingine zaidi, na hukaa hapo muda wote samaki wanapoingia na kutoka. Nyumba inayokaanga samaki kila siku inaitesa kaunta kuliko nyumba inayochemsha, hata kama mitungi yao inakwisha siku moja.

Sasa chukua futi ya kupimia. Vijitabu vinavyokuja na majiko haya, ambavyo kwa bahati mbaya hutupwa pamoja na boksi, kwa kawaida hutaja upana wa sufuria unaofaa kila kichomeo, na kwa kichomeo kikubwa cha jiko la kawaida la sentimita 60 kikomo huwa ni sentimita 24 au 26. Waliolichora jiko walifikiria familia ya watu wanne na sufuria zenye mkono mmoja. Jiko la Igogo linapika ugali wa watu wanane, na sufuria ya sentimita 36 au karai la 40 ni chombo cha kila jioni. Tuseme kitovu cha kichomeo kiko sentimita 14 kutoka ukingo wa jiko. Sufuria ya 26 ina nusu upana wa 13, hivyo inaishia ndani ya jiko, na joto linalotoka chini yake linapanda likiwa bado juu ya kioo au stenlesi. Karai la 40 lina nusu upana wa 20. Linauvuka ukingo wa jiko kwa sentimita 6 na kuwa kama paa dogo juu ya kaunta. Joto lililopaswa kupanda linasukumwa kwa ubapa chini ya paa hilo, na linapofika kwenye uhuru wake limekwisha kupita juu ya mbao, juu ya gundi, au juu ya ule mstari wa silikoni unaoshikilia jiko. Ndiyo maana kaunta nyingi zilizoharibika zina alama yenye umbo la mwezi mchanga, upande mmoja tu, upande wa kichomeo kikubwa. Alama hiyo imechorwa na sufuria.

Kaunta inayopatwa na joto hilo inaweza kuwa ya vitu vingi, na havilingani kwa ustahimilivu. Mbao kavu huhitaji nyuzi 250 hadi 300 hivi kushika moto upesi, na watu hujituliza kwa tarakimu hiyo. Wanasahau muda. Mbao inayookwa mwezi baada ya mwezi kwa joto linalozidi nyuzi 100 hupoteza maji yake, hubadilika rangi, na taratibu hugeuka kuwa kitu kinachokaribia mkaa, ambacho huwaka kwa joto dogo kuliko mbao ya siku ya kwanza. Mninga na mvule huvumilia kuliko paini, lakini hakuna mti uliosamehewa. Chipbodi na MDF ni dhaifu zaidi, kwa kuwa ni unga wa mbao ulioshikwa kwa gundi: joto hulegeza gundi, mvuke wa chakula huingia kwenye ukingo uliokatwa na kuachwa wazi, na ubao huvimba kama mkate. Fomeka iliyobandikwa juu yake inaweza kustahimili kitako cha sufuria ya moto kwa dakika chache bila doa. Chini yake kuna gundi, na gundi nyingi za mafundi wetu huanza kulegea kati ya nyuzi 60 na 80. Kwa hiyo fomeka huanza kuinuka ukingoni kabla haijaungua, na mwenye nyumba humlaumu fundi kwa kubandika vibaya. Watengenezaji wengi wa majiko huomba kwamba kaunta na gundi yake viweze kuhimili angalau nyuzi 90. Hapo ndipo pa kumwuliza fundi swali moja la maana siku anapoleta vifaa: gundi hii inavumilia joto kiasi gani?

Pingamizi litakalokuja haraka zaidi Mwanza ni la granaiti. Mji unaoitwa Mji wa Mawe, uliojengwa juu ya granaiti na wenye Jiwe la Bismarck kama nembo yake, una haki ya kuliamini jiwe hilo. Granaiti haiungui, haivimbi kwa mvuke, na sufuria ya moto ikitua juu yake kwa dakika mbili haiachi alama. Yote hayo ni kweli, na kama mfuko unaruhusu, ni chaguo bora kuliko fomeka. Lakini watu wa milima hii wanajua jambo jingine kuhusu granaiti. Wapasua mawe wanaotengeneza kokoto hukoka moto juu ya jabali, wakalipasha upande mmoja mpaka lipasuke lenyewe, ndipo nyundo zianze. Jiwe lililopashwa sehemu moja hutanuka pale tu, sehemu yenye ubaridi hukataa kusogea, na ufa ndio unaoamua ugomvi. Kaunta haipati moto wa namna ile, ila nayo haina unene wa jabali. Ni bamba la sentimita 2 au 3, limetobolewa tundu kubwa katikati, na mbele ya tundu kumebaki ukanda wa sentimita 5 au 6 tu. Upande mmoja wa ukanda huo unapashwa na karai, upande wa pili umelowa maji ya kuoshea mboga. Ufa ukija utaanzia kwenye kona ya tundu, hasa kona iliyokatwa kwa pembe kali, kwa kuwa nguvu zote za mtanuko hukusanyika hapo. Kona ikiviringishwa, hata kwa kutoboa kwanza tundu la duara kwa biti ya mviringo na kisha kukata kuelekea hapo, nguvu hizo hutawanyika. Ni kazi ya dakika kumi, na wateja wengi hawajui hata kuidai.

Kuna pia mawe yasiyo mawe. Baadhi ya mabamba yanayouzwa kwa mng'aro wa jiwe ni chembe za mawe zilizofungwa kwa gundi ya plastiki. Hayo huanza kuharibika yakifikia nyuzi 150 hivi: yanageuka manjano au yanapata wingu jeupe lisilofutika. Muuzaji anaweza kuyaita granaiti bila nia mbaya. Muulize kama yametoka mgodini au kiwandani, na kama ni ya kiwandani, usiyaweke pembeni mwa kichomeo kikubwa.

Kwa nyumba ya kawaida ya Igogo ningependekeza kitu kisicho na sifa madukani: bamba la zege lenye nondo, unene wa sentimita 7 au 8, likiwa limefunikwa kwa vigae vya sakafuni vilivyobandikwa kwa saruji. Zege halijali nyuzi 100 wala 200, fundi wa mtaani analijua, na kigae kimoja kikipasuka unabadilisha kimoja. Makabati ya mbao yanaweza kusimama chini yake bila kuubeba moto wenyewe. Anayetaka sana fomeka au mbao upande wa kukatia mboga abaki nayo huko, lakini eneo la jiko, tundu na sentimita 35 kila upande kutoka kitovu cha kichomeo, liwe la zege au jiwe. Nimefika kwenye 35 kwa hesabu rahisi: 20 za nusu ya karai la 40, na 15 za hewa ili joto lipande kabla halijakutana na kitu kinachoungua. Kama karai lako kubwa ni la 50, badilisha hesabu. Kipimo hichohicho kitumike kwa ukuta wa kabati refu au friji iliyosimama kando, na kabati la juu lisishuke chini ya sentimita 65 kutoka kwenye jiko. 75 ni bora.

Gharama ndiyo pingamizi la pili, na ni la haki. Zege ni saruji, nondo, mbao za kufungia na siku ya ziada ya fundi, na mlimani kila mfuko wa saruji una gharama ya mbebaji. Lakini linganisha na nini? Kaunta ya chipbodi iliyovimba haitengenezeki. Inang'olewa yote, pamoja na jiko, sinki na bomba zake, kisha inanunuliwa upya. Isitoshe, sehemu kubwa ya ushauri huu haina bei. Kusogeza tundu sentimita 10 mbali na kabati refu hakugharimu chochote kama kumeamuliwa kabla ya kukata. Kugeuza jiko ili kichomeo kikubwa kiwe upande wenye nafasi hakugharimu chochote, wala kuchagua jiko ambalo kichomeo kikubwa kiko katikati badala ya pembeni. Ukingo wa tundu uliopakwa vanishi au silikoni mara mbili kabla ya kuweka jiko unagharimu kikopo kidogo.

Wapo wanaosema dawa ni kutandika foili au bati linalong'aa kuzunguka vichomeo. Nawaomba waache. Foili hurudisha joto kwenye kioo cha jiko, na huweza kuziba matundu yanayovuta hewa. Kioo kilichopashwa kupita kiasi sehemu moja hufanya kilekile ambacho jabali hufanya, tofauti ni kwamba chenyewe hupasuka kwa mlipuko. Wengine watasema tupike kwa sufuria ndogo. Ushauri huo haujui jinsi tunavyokula. Pale watu wanapozidi kumi, au kuna msiba ama sherehe, ni busara kutoa sufuria kubwa nje na kupikia kwenye kichomeo cha chini chenye miguu, lakini chakula cha kila siku cha familia kinastahili kupikwa ndani bila kuomba radhi kwa kaunta.

Hewa ya ziwani nayo imo katika hesabu hii. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na dirisha la jiko linalotazama ziwa, ambalo kila mtu analitamani, huulaza mwali upande mmoja kwa masaa. Mwali uliolala hupika kaunta badala ya chakula. Jiko likae pembeni ya dirisha, lisiwe mbele yake wala chini yake. Rangi ya mwali nayo itazamwe: bluu ni afya, manjano yenye masizi ni dalili kwamba gesi na hewa havilingani. Jiko lililotoka nje ya nchi likiwa na nozeli za gesi asilia ya bomba, likiunganishwa na mtungi, hutoa mwali mrefu kupita kiasi, kwa sababu gesi ya mitungi, mchanganyiko wa propani na butani, huhitaji nozeli zenye tundu dogo zaidi. Mwali wa namna hiyo hakuna kaunta itakayouvumilia. Nozeli hubadilishwa, na fundi wa gesi afanye kazi hiyo.

Chini ya jiko kuna jambo zito kuliko doa. Mwili wa jiko unaoning'inia ndani ya kabati hupata moto, na vitu vilivyo droo ya juu, yaani vitambaa, mifuko na chupa za mafuta, hupashwa bila mtu kujua. Panahitajika ubao wa kutenganisha, ulioacha nafasi ya sentimita kadhaa chini ya jiko, na tundu la hewa nyuma ya kabati. Mtungi usikae humo. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutulia sakafuni mwa kabati kama maji kwenye beseni, ikisubiri cheche. Mtungi ukae nje, kwenye kivuli, juu ya jiwe au saruji, mpira wake upite ukutani ndani ya bomba la kuukinga, na usigusane na mwili wa jiko popote. Kama hauwezi kukaa nje, basi kabati lake liwe na matundu usawa wa sakafu.

Wengi Igogo hawana jiko la kuzamisha. Wana pleti mbili juu ya meza ya mbao yenye mpira wa maua. Kwao mambo ni yaleyale na tiba ni nyepesi zaidi. Kigae kimoja kikubwa cha sakafuni, au viwili, chini ya jiko lote na kuzidi ukingo wake kwa upana wa kiganja, huikinga meza vya kutosha, mradi mpira wa maua uondolewe kabisa na usifichwe tu chini ya kigae. Jiko la mkaa lenyewe, linalobaki kwa ajili ya maharage, lisipandishwe kwenye kaunta hata siku ya mvua. Kitako chake hukaa na moto masaa matatu, na hakina swichi.

Aliyekwisha kufunga jiko lake asingoje alama ya mwezi mchanga. Leo jioni, baada ya kukaanga kwa nusu saa, zima jiko, kisha gusa kaunta kando ya kichomeo kikubwa, ukuta wa kabati la pembeni, na ndani ya droo iliyo chini. Kama mkono hauwezi kutulia hapo kwa sekunde kadhaa, hamishia karai kwenye kichomeo chenye nafasi na umwite fundi kabla ya mwezi kwisha. Kwa wanaokaa mlimani naongeza neno moja. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, na inafaa iandikwe ukutani mwa jiko. Lakini gari lao haliwezi kupanda ngazi za mawe, hivyo wekeni ndoo ya mchanga na blanketi zito karibu na mlango, na kila anayepika nyumbani, watoto wakubwa wakiwamo, afundishwe kufunga mtungi.